Jina Kutoka Mwanhuzi

Siku Kishor aliporudi kutoka Uingereza, stendi ya Bariadi ilipiga kelele jina moja tu: Mabula. Mabula karudi! Wauza karanga walilidaka, mafundi baiskeli wakalidaka, na mama mmoja aliyekuwa ameshika kuku wawili akawaachia wakimbie ili apate mikono ya kumkumbatia. Kishor mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na minne, suti imekunjamana na mke mgeni yuko nyuma yake, alishuka akicheka na kumwitikia kila mtu, "Mwangaluka! Mwangaluka!" Ilikuwa saa tisa alasiri, na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Hakuna aliyemsahihisha.

Nirmala, dada yake, alikuwa amesimama pembeni ya umati. Alisema moyoni: ningekosea mimi hivyo, wangenicheka mpaka Maswa.

Nirmala alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ishirini kati ya hiyo aliimalizia nyuma ya kaunta ya duka la baba yao, mzee Ratilali. Miaka ile ya foleni, duka lilipobaki na viberiti, nta ya viatu na vumbi, yeye ndiye aliyekuwepo akiikata sabuni ya mche vipande ili kila mtu apate kidogo. Mama alipougua alimwuguza. Baba naye alipougua alimwuguza, na posa mbili kutoka Mwanza zikapita mlangoni zikaenda zao. Kisukuma chake kilinyooka. Alijua ng'ombe wa nani amezaa na binti wa nani amekimbilia kwa nani. Lakini mwulize mtu yeyote sokoni yule mwanamke Mhindi ni nani, angekujibu bila kufikiri: ni dada yake Mabula. Miaka kumi na sita Mabula alikuwa Uingereza kwa mjomba wake, anakula mkate wa watu, na miaka yote hiyo Nirmala aliendelea kuwa dada yake.

Sasa, jina hilo la Mabula lilipatikanaje na mtoto wa Kigujarati? Kwa desturi ya kwao, baba na mama hawampi mtoto jina. Mwenye haki hiyo ni shangazi, dada wa baba, na siku yake ni ya sita tangu mtoto azaliwe. Mtoto hulazwa ndani ya shuka pamoja na jani la mpipali, mti mtakatifu wa kwao, watu wanne hushika pembe na kumbembeza, shangazi huinama na kulitamka jina. Basi Kishor alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, mto umefurika, barabara ya Mwanza imekatika, na shangazi mwenyewe yuko Jinja, Uganda. Siku ya sita ikafika. Mzee Ratilali hakuwa na dada karibu, wala mpipali. Alichuma jani la mkuyu, akavuka barabara hadi kwa Sayi, mkunga aliyemzalisha mkewe, akamwambia, "Leo wewe ndiye dada yangu."

Sayi hakuhitaji kuambiwa mara mbili, kwa maana hata kwa Wasukuma shangazi, sengi wanavyomwita, si mtu wa kuketishwa mlangoni. Aliinama juu ya shuka akatamka Kishor, kama alivyofundishwa. Kisha, kabla shuka halijakunjwa, mvua ikiwa inapiga bati mpaka watu hawasikilizani, akaongeza la kwake: Mabula, jina la mtoto wa kiume aliyekuja na mvua. Mama alishtuka. Baba akacheka, akasema na liwe.

Nirmala aliyaona yote hayo akiwa na miaka mitano, amejibanza mlangoni. Yeye alizaliwa Mwanza hospitalini, wakati wa kiangazi, na shangazi wa Jinja alikuja kwa meli na kopo la peremende akampa jina moja. Jina zuri, lakini moja. Kuanzia siku ile pale mlangoni aliona kwamba amepunjwa, na mtu akijiona amepunjwa akiwa na miaka mitano, hata umpe dunia atatafuta kipande kilichokosekana.

Tuseme ukweli bila kupakapaka sukari: Nirmala alikuwa na wivu. Hakumtakia ndugu yake mabaya, hata siku moja. Wivu wake ulikuwa wa kuhesabu. Alijua nani kamsalimia Kishor kwanza kabla ya kumsalimia yeye, nani kaleta maziwa akasema "haya ni ya Mabula". Siku ile ya kurudi alikuwa ameingia jikoni tangu alfajiri, akapika vitu saba ambavyo mama yao alivipika, na Kishor akaketi mezani akala vijiko vitatu. Alikuwa ameshiba. Njiani kutoka stendi alipitia kwa Benedikta akala matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga.

Benedikta ndiye aliyekuwa mwiba wenyewe. Alikuwa binti wa yule mkunga Sayi, mjane, fundi cherehani, na kiti chake kilikuwa barazani pa duka lao tangu enzi za mzee Ratilali. Siku ya jina la Kishor alikuwa na miaka minane, na mkono wake ulishika pembe moja ya shuka. Kwa hiyo Kishor alimwita dada, tena kwa sauti ile laini ambayo Nirmala, dada wa tumbo moja, hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake. Yeye aliitwa motiben, yaani dada mkubwa kwa Kigujarati, na lilikuwa jina la heshima. Heshima ni kitu kizuri, ila haikumbatii mtu.

Mwaka uliofuata mambo yalifunguka. Watu binafsi waliruhusiwa kununua pamba, Kishor akasimamisha mzani nyuma ya duka, na wakulima kutoka Migato na Kimali wakaanza kusema wanapeleka pamba kwa Mabula. Aliyekuwa akisimama kwenye mzani tangu asubuhi na nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi alikuwa Nirmala. Aliyasoma mawe ya mzani kwa Kisukuma, kwa sauti, ili hata mzee asiyeona vizuri asidhani anaibiwa. Wakamshukuru sana. "Asante, dada yake Mabula."

Kishor alipotangaza kwamba mkewe Bhavna ni mjamzito, Nirmala alifurahi kwa siri kubwa. Hapo palikuwa na kitu kimoja ambacho hakiwezi kuwa cha Mabula wala cha Benedikta. Shangazi ni yeye. Bhavna alizaliwa kule Uingereza, hakujua hata mpipali unafananaje. Kishor alikuwa amesahau nusu ya aliyofundishwa. Mama na baba hawapo. Katika nyumba ile desturi yote ilikuwa imebaki kichwani mwa mtu mmoja, na jina alikuwa nalo tayari tangu alipokuwa msichana: Chandrika, kama mtoto atakuwa wa kike.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa Jumatatu, mwezi wa saba, hospitalini, na nesi akaandika saa moja asubuhi. Nirmala na Benedikta walikuwa wameketi benchi moja barazani tangu alfajiri, wamejifunika kitenge kimoja kwa sababu ya baridi. Sauti ya mtoto iliposikika waliinuka pamoja. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya bati la wodi, likawachoma macho wote wawili.

Jumanne Benedikta alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akaingia dukani.

"Mdogo wangu," alisema, kwa sababu alimzidi miaka mitatu na alipenda kumkumbusha, "mimi nakwenda Mwanhuzi kwa mama, kule alikohamia uzeeni. Kuna jina la huyu mtoto nataka kuliomba kwake. Siku ya sita ni Jumamosi, siyo? Jumamosi mchana nitakuwa nimefika."

"Jina gani?" aliuliza Nirmala.

"Haa! Jina halijaombwa halitajwi. Wewe nisubiri tu. Mabula nimeshamwambia."

Ameshamwambia! Nirmala alibaki na kipimo cha chumvi mkononi mpaka mteja akakohoa. Kwa hiyo itakuwa vile vile. Atatamka Chandrika lake, na kabla shuka halijakunjwa binti Sayi ataongeza la Kisukuma, na wiki moja haitapita kabla Bariadi haijalisahau Chandrika kama ilivyolisahau Kishor. Na yeye ataitwa shangazi yake Kabula, au shangazi yake sijui nani, mpaka anaingia kaburini. Alimwona Benedikta akipanda lori la marobota ya pamba kwenda Mwanhuzi, fundo la kitenge kichwani, akipunga mkono kwa furaha. Hakumpungia.

Usiku hakulala. Alhamisi asubuhi alimkuta Kishor akinywa chai uani, akamwambia kwa utulivu kabisa.

"Kesho ndiyo siku ya sita."

"Si Jumamosi, motiben? Nimehesabu kwa vidole."

"Umehesabu Kizungu. Siku yetu haianzi saa sita za usiku kama ya redio. Inaanza jua likitoka. Mtoto kazaliwa jua bado, kwa hiyo ni wa Jumapili. Hesabu tena."

Neno la kuanzia siku na jua lilikuwa kweli, mama yao aliwafundisha hivyo. Uongo ulikuwa kwenye jua lenyewe. Kishor asubuhi ile alikuwa kwenye pamba na Bhavna alikuwa kwenye uchungu, na nesi kaandika saa moja, saa ambayo Bariadi jua laweza kuwa limetoka au halijatoka. Aliyeliona alikuwa Nirmala. Na mwingine, lakini huyo alikuwa Mwanhuzi.

Kishor aliweka kikombe chini. "Na Bene? Nilimwahidi."

"Siku haingoji lori, Kishor. Asiyekuwepo na lake halipo."

Alikuna kichwa, akamtazama dada yake kama mtu anayetazama kitabu cha lugha asiyoijua. Halafu akakubali. Angefanyaje? Hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Ijumaa jioni, kabla taa hazijawashwa, majirani waliketi kwenye mkeka sebuleni. Nirmala alikuwa amevaa sari ya kijani ya mama yake. Alichuma mwenyewe jani la mkuyu, akalifuta, akaliweka kwenye shuka jeupe, mtoto akalazwa juu yake. Mke wa Athanasi, jirani aliyewasaidia kupima pamba, alishika pembe moja, wanawe wawili wakashika mbili. Pembe ya nne Kishor aliishika mwenyewe. Walimbembeza, na Nirmala akainama. Alikuwa amengoja siku hii tangu pale mlangoni.

"Chandrika," alisema. Akarudia, ili hata walioko uani wasikie.

Wakapiga vigelegele. Mke wa Athanasi, mama wa watu, hana baya, aliuliza, "Na la Kisukuma? Mabula alipewa mawili."

Nirmala alikuwa ameshaanza kulikunja shuka. Alilikunja mara nne, akalikandamiza kwa kiganja.

"Shuka likishakunjwa, hakuna jina jingine linaloingia," alisema. "Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto ana jina moja."

Hakuna aliyebisha. Usiku ule alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa mwaka mzima, na tuseme tena ukweli, hakuota ndoto yoyote mbaya.

Jumamosi saa tisa Benedikta aliingia kwa mlango wa uani, mweupe kwa vumbi la barabara, fundo lake kichwani. Nirmala alikuwa amekaa peke yake chini ya banda, mtoto amelala kwenye kitanda cha kamba mbele yake. Kishor alikuwa kwenye mzani, anasikika akiwatania wakulima.

"Mwadila, mayu," alisalimu Benedikta, ile salamu ya mchana, kama mtu anavyomsalimu mama.

"Mwadila."

Benedikta alitua fundo, akainama kumtazama mtoto, akatabasamu. Kisha akaliona shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, limefuliwa. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilipungua taratibu.

"Mmeshafanya."

"Jana. Siku ilikuwa jana. Anaitwa Chandrika."

"Chandrika," alisema Benedikta, akalisema sawasawa. "Jina zuri. Karibu, Chandrika." Alimgusa mtoto kisigino kwa kidole. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kandambili, akazikung'uta vumbi. Nirmala aliungoja ugomvi. Alikuwa ameshapanga majibu matano. Ugomvi haukuja, na kungoja kule kukamchosha.

"Ulikuwa umemletea jina gani?" aliuliza mwishowe. "Kabula? Milembe?"

"Lina kazi gani sasa? Lako limeshatamkwa."

"Nataka kujua."

Benedikta alifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. "Nirmala," alisema.

Nirmala alidhani anaitwa. "Nakusikiliza."

"Ndilo hilo. Nirmala. Nilikwenda kumwomba mama tumpe mtoto jina lako." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza nguo imekatwaje. "Kwenye ukoo wetu jina la mtu aliye hai haliokotwi. Unaliomba kwa mkubwa, anakubali au anakataa. Mama hakukataa. Alilia, bibi wa watu. Akasema: yule binti hakuzaa. Akifa, jina lake linakwenda naye, nasi tutabaki tunasema dada yake fulani, dada yake fulani, na haya itatushika. Mwiteni mtoto Nirmala. Bariadi italijua hilo jina kwa nguvu."

Mtoto alijinyoosha akarudi kulala. Kule nyuma mtu alicheka, mzani ukagonga.

Nirmala alimtazama mtoto. Kwao shangazi hawezi kumpa mtoto jina lake mwenyewe, ingekuwa aibu ya mwaka. Ilihitaji mkono wa mtu mwingine. Miaka thelathini na tano alikuwa akitafuta mtu wa kumwongezea jina, na hapa palikuwa na mtu aliyekaa juu ya marobota ya pamba siku nzima, kwenda na kurudi, ili jina lake lile moja liitwe barabarani, sokoni, shuleni, na mama akimwita mwanaye jioni.

"Liongeze," alisema Nirmala. "Liongeze sasa."

"Nitaliongezaje? Mke wa Athanasi kanisimamisha njiani kanieleza yote, nami sikuamini mpaka nilipoliona shuka. Umewaambia watu shuka likikunjwa hakuna jina linaloingia. Wewe ndiye shangazi. Nikiweka jina lako juu ya neno lako, nimekutukana mbele za watu." Benedikta alivaa kandambili zake. Kabla hajainuka alimsogelea, akashusha sauti. "Ila mdogo wangu, mimi na wewe tulikuwa benchi moja. Jua lilikuwa juu ya bati. Siku ya sita ni leo, na leo haijaisha. Mimi sijamwambia mtu, wala sitasema. Ukimwambia ndugu yako ulikosea kuhesabu, shuka lile pale kwenye kamba limeshakauka."

Akachukua fundo lake akatoka.

Nirmala alihesabu, maana kuhesabu ndiko alikokujua. Saa tisa na nusu. Jua lingezama karibu saa moja, na jina hutamkwa kabla taa hazijawashwa. Neno moja tu, nilikosea, na Kishor angecheka, angefurahi, angemkimbilia Bene barabarani akipiga kelele. Majirani wangerudi kwenye mkeka. Benedikta angeinama juu ya shuka, na kila mtu angejua kwamba Benedikta ndiye aliyelibeba jina la Nirmala kutoka Mwanhuzi. Wangesimulia miaka yote: si unajua, lile jina alilitoa Bene. Kila mtoto akiitwa, Bene angekuwa ndani ya mwito huo.

Saa kumi na moja Kishor alikuja akijipangusa nyuzi za pamba. Alichutama mbele ya dada yake.

"Bene amepita mzanini hakusimama. Hajanuna, lakini hakusimama. Nimemwumiza, motiben." Alikuwa na uso wa mtoto. "Niambie wewe unayejua. Kuna namna yoyote? Chochote tunachoweza kufanya leo?"

Alimwangalia. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukuta, kwa upana wa kiganja.

Haikuwa aibu iliyomfunga mdomo. Aibu angeivumilia, alikuwa ameshavumilia mengi. Ilikuwa kwamba kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupewa kilikuwa kimeletwa na mkono ule wa Benedikta.

"Hakuna," alisema Nirmala. "Siku ilikuwa jana."

Kishor aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kufunga mzani. Kivuli cha ukuta kikavuka ua, kikafika kwenye kitanda cha kamba. Mtoto akaamka akaanza kulia. Nirmala ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko watu wote, lakini alisimama tu akimtazama yule ambaye angekuwa yeye, mpaka Bhavna akatoka ndani akamchukua.